Nimeosha vizimba vya wanyama miezi mitano bure, nimeumwa na tumbili nikajitibu mwenyewe, leo hata barua hawataki kunipa

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nina hasira kwa iyo mtanisamehe mpangilio.

Mimi chalii wa Arusha, diploma ya wanyamapori nimechukulia Mweka, pale juu Moshi, chuo kipo toka 1963 na mabosi kibao wa hifadhi wamepita pale. Ajira mnazijua wenyewe, kila tangazo wanataka uzoefu miaka 3, sasa uzoefu utaupata wapi kama hamna anayekuchukua? Mshikaji akanistua kuna kituo barabara ya Moshi (sikitaji) wanapokea wanyama waliogongwa na magari, yatima, wengine wamekamatwa kwa watu waliokuwa wanawafuga majumbani. Nikaenda. Meneja akanipokea fresh tu, akasema kijana hapa mshahara hamna, chai ya saa nne ipo, ukimaliza miezi 6 tunakupa barua nzuri. Nikakubali. Hela sikufuata na mtu asije kunigeuzia hilo kwenye comments.

Sasa nimefika nakuta mavolontia wako aina mbili. Sisi wabongo tunaingia saa 12 na nusu asubuhi, kufyeka, kuosha vizimba, kusukuma toroli la mavi, na Jumatano na Jumamosi tunatumwa soko la Tengeru kuomba mboga zilizobaki kwa wamama tunarudi na viroba kichwani. Wale wa kutoka nje wanalipia, wao wanakuja saa tatu wameshakunywa chai yao wanapewa chupa wamnyweshe mtoto wa mnyama, picha, wanarudi kulala. Siwachukii jamani, kuna dada mmoja Mjerumani alikuwa anaacha chupa anakuja kusukuma toroli na sisi mpaka akaitwa pembeni akaambiwa hiyo sio programu yake. Glavu zipo boksi zima ila "za wageni". Gambuti pea 2 watu 5, nikaenda soko la Kilombero hapa Arusha nikanunua zangu.

Mwezi wangu wa tatu pale tumbili kaning'ata kidole natoa sahani ya maji. Nikaosha na sabuni bombani dakika 15 kama tulivyofundishwa, nikaenda kwa meneja damu inachuruzika, unajua kaniambia nini? "Si huyo ameshazoea watu." Yani kichaa cha mbwa kinauliza kama mmezoeana? Sindano 4, kila moja 30,000, nimekopa kwa dada yangu na hadi leo sijamlipa, namwomba muda tu. Mgeni kabla hajagusa hata kobe anaulizwa kadi ya chanjo, mimi niliyekuwa naingia kwenye vizimba kila siku hamna aliyewahi kuniuliza.

Yote hayo ningemeza. Kilichonishinda ni mbega.

Aliletwa mdogo, mweupe pee kama pamba, mbega anazaliwa hivyo, weusi unaanza kuingia akifika kama miezi 3. Wageni wakamfia. Kila mtu anataka apande begani kwake. Haya, akakua akaanza majani, na hapa ndo pa kuelewa. Mbega sio nyani, tumbo lake lina vyumba karibu sawa na la ng'ombe, kuna vijidudu mle vinachachusha majani taratibu ndo anapata chakula chake. Ukimjaza ndizi mbivu sukari inachacha kwa fujo, asidi inapanda, tumbo linajaa gesi. Mama yangu hajaenda Mweka lakini ukimwambia ng'ombe kavamia gunia la pumba anakimbia bila kandambili. Nikaandika karatasi MAJANI TU nikabandika mlangoni. Ikabanduliwa. Nikabandika tena ikabanduliwa tena, eti wageni wanasikitika kwa sababu ukimwonyesha majani anakuangalia tu toka juu ila ukimwonyesha ndizi anashuka mwenyewe mpaka begani. Picha inakuwa nzuri.

Ijumaa moja ikaja familia na gari mbili. Mimi niko nyuma nafyeka. Jumamosi asubuhi namkuta kajikunja kona, tumbo kama ngoma, anasaga meno. Kulikuwa na mzee wa zamu ya usiku, Mmeru, mtu wa maneno machache, akaniambia mwanangu huyu hajalala kabisa, nimempigia daktari toka saa 10 hapokei. Tukamkalisha, tukamkanda tumbo, hamna kitu. Amekufa saa nne kasoro mkono wake umeshika kidole changu kile kile cha tumbili, na mbega hana dole gumba kwa iyo anakushika na vile vidole vinne tu vya kama ndoano, hiyo kitu bado inanijia usiku.

Chai ikaletwa kama kawaida.

Jumatatu kikao. Meneja anauliza nani alikuwa zamu ya kulisha. Wanafungua daftari, jina langu. Nikasema mbele ya watu wote, ndizi zimetolewa getini na zinauzwa kwenye vikapu getini, muulizeni anayeuza. Kimya. Baadae nikaitwa ofisini, eti nina mdomo, nipumzike kwanza nyumbani watanipigia. Hawajapiga. Nikafuata barua yangu naambiwa haiwezekani, hujafikisha 6, una 5 na siku 11. Walihesabu na siku!

Na asije mtu na ile ya "kituo cha mtu binafsi anaendesha anavyotaka". Sheria ya wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote nchi hii ni mali ya umma, Rais ndo mdhamini kwa niaba yetu. Mbega yule alikuwa wako wewe unayesoma hapa, sio wa meneja.

Kuna anayejua naanzia wapi? Kuna mtu kaniambia TAWA (ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), mwingine kasema afisa wanyamapori wa wilaya, mwingine kanicheka. Picha za karatasi yangu ninazo, na za daftari. Jina la kituo msiniombe hata PM, yule mzee bado anafanya kazi pale na ana watoto shule.

Jana nimeenda kuchukua gambuti zangu tu, zile za Kilombero. Mlinzi ananijua, tumekula wote miezi mitano, kaangalia chini akasema kaka nimeambiwa usivuke geti. Nikamwomba basi aniletee. Akaenda, akarudi mikono mitupu, zimevaliwa.