Mjadala: Victoria ya Kanada imekuwa ghali. Je, kikomo cha kupandisha kodi ya nyumba kifuate nyumba badala ya mpangaji?

Mtoa hoja (Victoria)

Wadau, kila mara kuna mtu anauliza kama aje Victoria, mji ulio kisiwani katika jimbo la British Columbia, na majibu anayopewa ni mawili: njoo, hali ya hewa ni nzuri, usije, maisha ni ghali. Yote mawili ni kweli. Ninalotaka tujadili ni ughali huo unatoka wapi na nani anaubeba. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sheria ya kodi ya nyumba ya jimbo hili inamlinda aliyetangulia kufika na kumwacha wazi anayekuja leo. Ibadilishwe.

Kwa asiyejua utaratibu: kila mwaka serikali ya jimbo hutangaza asilimia ambayo mwenye nyumba haruhusiwi kuivuka anapopandisha kodi. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 1.5, mwaka 2023 asilimia 2, mwaka 2024 asilimia 3.5 na mwaka 2025 asilimia 3. Anapandisha mara moja tu ndani ya miezi 12, tena kwa notisi ya miezi mitatu. Ni ulinzi mzuri, na wengi wetu tuliotoka nyumbani Afrika Mashariki hatujawahi kuwa nao. Lakini mpangaji akihama, ulinzi unakwisha. Mwenye nyumba anaweza kuitangaza nyumba ileile kwa bei yoyote ambayo soko litaikubali.

Tufanye hesabu. Mtu alipanga chumba na sebule mtaa wa James Bay mwaka 2021 kwa dola 1,400 za Kanada. Hata kama mwenye nyumba alipandisha kila mwaka hadi mwisho wa ruhusa, mwaka 2025 mpangaji huyo hawezi kutozwa zaidi ya dola 1,545 hivi. Jirani anayehamia mwaka huohuo kwenye jengo hilohilo, nyumba ya ukubwa uleule, anaombwa karibu dola 2,000. Tofauti ni zaidi ya dola 450 kila mwezi, na hakuna alichoongezewa, si bafu jipya wala dirisha la baharini.

Sasa huyo anayehamia leo ni nani? Victoria ni mji wa wastaafu. Milima ya Olympic ng'ambo ya bahari, upande wa Marekani, inaukinga na mvua nyingi, na theluji haikai. Kwa hiyo watu wa majimbo ya Alberta na Ontario wanauza nyumba zao na kuja kuzeekea hapa. Wazee hao wanahitaji kuogeshwa, kupikiwa, kuendeshwa hospitali, na wanaofanya kazi hizo kwa sehemu kubwa ni wahamiaji, tukiwemo sisi. Juni 2025 kima cha chini cha mshahara kilipanda kuwa dola 17.85 kwa saa. Saa 40 kwa wiki ni kama dola 3,090 kwa mwezi kabla ya makato. Toa 2,000 za nyumba uone kinachobaki cha chakula, basi na kutuma kwa mama. Wanaokokotoa mshahara unaotosha kuishi katika jimbo hili waliweka dola 26.78 kwa saa kwa eneo la Victoria mwaka 2024, kwa familia ya wazazi wawili wanaofanya kazi na watoto wawili, wakati kima cha chini kilikuwa 17.40. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kweli, na gharama ya uponyaji huo anailipa mgeni.

Madhara hayaishii kwa mgeni. Aliyetangulia kufika naye amefungwa. Najua mama mwenye watoto wawili anayelala sebuleni mwaka wa tatu sasa, kwa sababu akitafuta nyumba ya vyumba viwili atalipa karibu mara mbili ya anacholipa. Wapo wanandoa walioachana na bado wanaishi chini ya paa moja. Wapo wanaokataa kazi nzuri miji ya Nanaimo au Vancouver kwa kuogopa kuiachia kodi yao ya zamani. Na mpangaji wa muda mrefu anageuka hasara kwa mwenye nyumba: kila mwaka anaokaa, faida ya kumtoa inaongezeka. Ndiyo maana tunasikia sana "naihitaji nyumba, mwanangu anahamia." Serikali yenyewe iliona hilo. Tangu Julai 2024 notisi ya aina hiyo lazima itolewe kupitia tovuti ya serikali, aliyesema anahamia lazima akae humo walau miezi 12, na akibainika alidanganya anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji kodi ya miezi 12. Ni hatua nzuri, ila inaadhibu udanganyifu na kuacha kinachouzaa.

Hoja yangu basi: kikomo kifuate nyumba. Mpangaji mpya aanzie pale alipoishia wa zamani, pamoja na asilimia ya mwaka huo. Majengo mapya yapewe miaka ya kupumua, hata 15, ili anayejenga asikimbie. Karibuni.

Mwenye nyumba (Saanich)

Ndugu, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, ila umeandika kana kwamba wenye nyumba wote ni makampuni. Mimi na mke wangu tulifika na masanduku manne, tukafanya kazi za usiku, tukanunua nyumba yenye besimenti, yaani vyumba vya chini, tunayoipangisha ili kulipa mkopo wa benki.

Mwaka 2023 serikali ilituruhusu asilimia 2, wakati kwa kanuni yake yenyewe, inayofuata mfumuko wa bei, ingekuwa 5.4. Mwaka 2024 ikatupa 3.5 badala ya 5.6. Kabla ya hapo, tangu Machi 2020 hadi mwisho wa 2021, kupandisha kodi kulizuiwa kabisa. Bima haikuzuiwa. Kodi ya majengo haikuzuiwa. Riba ya mkopo ilipanda hadi tukakosa usingizi. Pengo hilo nalirudisha lini? Ni pale tu mpangaji anapoondoka kwa hiari yake. Ukiniziba hapo, besimenti nitaigeuza stoo ya mizigo au nitaiuza nyumba kwa mstaafu asiyetaka mpangaji. Huyo mgeni unayemtetea atakuwa amepata nini?

Na suala hili si jipya. Mwaka 2018 kikosi kazi cha jimbo kuhusu nyumba za kupanga kilizunguka kusikiliza watu, kikapendekeza kikomo kiendelee kumfuata mpangaji. Kwa pendekezo lake serikali ikaondoa ile asilimia 2 tuliyokuwa tunaongezewa juu ya mfumuko wa bei. Tulipoteza hilo tukakaa kimya. Mnataka na hili pia?

Mchangiaji (Langford)

Mnagombania mgawanyo wa uhaba badala ya kuumaliza. Eneo hili la Victoria lina manispaa 13, kila moja na baraza lake, na kwa miaka mingi nyingi ziliruhusu nyumba moja tu kwenye kiwanja kikubwa. Nyumba tupu za kupanga zilikuwa asilimia 1.0 mwaka 2021 na 1.6 mwaka 2023. Katika hali hiyo hata malaika akiwa mwenye nyumba bei itapanda, maana waombaji wanapanga foleni mlangoni. Huku Langford, mojawapo ya manispaa hizo, tulijenga. Kati ya sensa ya 2016 na ya 2021 watu waliongezeka kwa karibu theluthi, na ndiko familia zetu nyingi zilikopata pa kulala, ingawa tunalipia kwa foleni ya magari asubuhi na jioni.

Sheria za karibuni ndizo zinazogusa mzizi. Mwaka 2023 jimbo lililazimisha miji kuruhusu nyumba tatu au nne kwenye kiwanja cha nyumba moja, na hadi sita karibu na mabasi ya mara kwa mara. Tangu Mei 2024 huwezi kugeuza nyumba usiyoishi kuwa ya wageni wa siku mbili mjini Victoria. Serikali ya shirikisho ikapunguza vibali vya wanafunzi, na bei zinazotangazwa zimeanza kulegea. Soko linaitikia. Lipeni muda.

Mtoa hoja atazame jimbo la Prince Edward Island. Huko kikomo kinafuata nyumba, kama anavyotaka yeye. Uhaba umeisha? Haujaisha.

Dada wa Edmonton

Samahani kaka zangu, mimi naona mnajitesa. Nilikaa Victoria nikahamia Edmonton, jimbo la Alberta. Huku Waswahili tupo wengi, kuna misiba na harusi za kueleweka, na kwa kodi ya chumba na sebule ya huko mimi nina vyumba viwili na mahali pa gari. Kwa nini mtu ang'ang'anie kisiwa kisicho na daraja, ambacho kwenda bara ni saa moja na nusu kwenye feri na unalipia kila safari? Uzuri wa bahari hauliwi.

Mwanafunzi (Victoria)

Shikamooni. Nachangia kidogo kwa niaba ya tunaosoma. Tangu Septemba 2025 mwanafunzi anayeomba kibali lazima aonyeshe dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada na nauli. Ukigawa kwa 12 ni kama dola 1,908 kwa mwezi, yaani haifiki hata hiyo kodi ya chumba na sebule mnayoizungumzia. Kwa hiyo tunapanga chumba ndani ya nyumba ya mtu. Hapo sheria yenu yote haipo: ukichangia jiko au bafu na mwenye nyumba mwenyewe, sheria ya upangaji ya jimbo haikuhusu. Mimi nilipewa siku chache nitoke wakati wa mitihani, na nilipouliza nikaambiwa sina pa kushitaki zaidi ya mahakama ya kawaida. Kikomo kifuate nyumba au mpangaji, sisi hatumo. Tuwekeeni na hilo.

Mtoa hoja (Victoria)

Marahaba, mdogo wangu. Umetaja jambo ambalo sikulitaja na ni zito. Kwa wanaojiandaa kuja: ulizeni kabla ya kulipa kama mwenye nyumba anaishi humo na kama jiko ni la pamoja. Na wanaotoka Dar, waliozoea kutoa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, wajue kwamba upangaji unaolindwa na sheria hapa una amana isiyozidi nusu ya kodi ya mwezi. Anayedai zaidi ya hapo, au anayetaka utume fedha kabla hujaiona nyumba, mkimbieni.

Dada wa Edmonton, sikulaumu kwa kuhama. Lakini Alberta haina kikomo chochote cha kodi, hata kwa mpangaji aliyekaa miaka kumi. Mkijaa huko kama mlivyoanza kujaa, mtakuwa na Victoria yenu bila hata hicho kidogo tulicho nacho. Na mji hauwezi kuishi kwa kuwaambia wauguzi wahamie jimbo lingine. Mzee wa Oak Bay hapa jirani akianguka chooni usiku, anayemwinua lazima awe anaishi karibu.

Ndugu wa Langford, tujenge, sipingi hata kidogo. Ila jengo linaloombewa kibali leo litakaliwa baada ya miaka kadhaa, na nyumba mpya ndizo ghali kuliko zote. Nafuu iko kwenye yale majengo ya mbao ya ghorofa tatu na nne ya miaka ya 1960 na 1970, kule James Bay na Fairfield, yaliyojengwa kwa gharama za zama zile. Kila mpangaji wa zamani akitoka, nafuu hiyo inapotea na hairudi tena. Hilo kujenga hakulizuii. Kuhusu Prince Edward Island, kikomo hakikuwekwa ili kumaliza uhaba. Kiliwekwa ili uhaba usigeuzwe mzigo wa mtu mmoja. Na kama bei zimelegea kama unavyosema, basi huu ndio wakati wa kubadili sheria, maana pengo kati ya kodi ya zamani na mpya linapungua na maumivu yatakuwa madogo zaidi.

Mwenye nyumba wa Saanich, wewe ndiye uliyenigusa. Ile 2 badala ya 5.4 ilikuwa serikali kufanya ukarimu kwa mfuko wako. Kikomo kikifuata nyumba, basi kiwe kile cha kanuni, kisipunguzwe kisiasa mwaka wa uchaguzi, na mwenye nyumba mdogo awe na njia nyepesi ya kuomba nyongeza akionyesha risiti za bima na riba. Bila hayo nisingekutaka uunge mkono.

Kama hata hilo ni gumu, tuanze na kinachofanywa na jimbo la Quebec. Huko mkataba unatakiwa kumwambia mpangaji mpya kodi ya chini kabisa iliyolipwa kwenye nyumba hiyo ndani ya miezi 12 iliyopita, na akiona imerushwa anaweza kwenda kwenye baraza la nyumba kuomba ipangwe upya. Ungekubali hilo?

Mwenye nyumba (Saanich)

La kuandika kodi ya zamani kwenye mkataba nalikubali hata kesho, sina cha kuficha. La baraza kunipangia bei, nikiona kwanza hizo risiti zangu zinapokelewa. Kikomo kufuata nyumba bado nakipinga.