Kikundi cha familia: Majina ya mgambo wa Kagera

Jeni Kyaka: Shikamooni wakubwa. Leo nimekaa na mzee mwingine huku Kyaka, alikuwa mgambo vita vya Kagera. Cheti chake anakiweka kwenye mfuko wa sukari, pini zimeshika kutu, jina la kijiji limefifia. Nimekipiga picha kabla hakijaisha.

Shangazi Muleba: Marahaba mwanangu. Wanakulipa?

Jeni Kyaka: Hapana shangazi, najitolea tu. Hata nauli ni yangu 😅

Ba'mdogo Mwanza: Lakini si kuna Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai? Na makaburi ya Kaboya yapo, jeshi linayatunza.

Jeni Kyaka: Kweli Ba'mdogo. Ila Kaboya wamelala waliofia vitani. Mimi nafuata waliorudi, hasa mgambo. Askari ana namba yake jeshini. Mgambo alitolewa shambani 1978, Amin akapigwa, yeye akarudi shambani. Akifa, anayejua ni mke wake.

Kaka Deo: Mke akiambiwa! Babu wetu naye alikwenda vita hivyo, lakini mimi hajanisimulia hata siku moja.

Shangazi Muleba: Redioni wakiweka ile ya Mwalimu, "uwezo wa kumpiga tunao", huyo anatoka nje, eti anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe tuliuza zamani.

Kaka Deo: 😂😂 halafu inasikitisha

Jeni Kyaka: Ndiyo maana siulizi habari za mapigano. Nauliza tu, ulikuwa na nani? Hapo wanataja wenzao mmoja mmoja, na kijiji cha kila mtu. Leo nimepata majina ambayo sikuwa nayo kabisa.

Ba'mdogo Mwanza: Mimi aliwahi kunitajia sabasaba, zile roketi. Kwamba zikilia hata upande wetu watu walishika vichwa. Nikamuuliza habari ya Masaka, kule Uganda, akanyamaza.

Shangazi Muleba: Jeni njoo Jumamosi. Simu iache kwenye mkoba kwanza. Mletee kahawa ya kutafuna, akianza kutafuna ndipo anaongea.

Kaka Deo: Basi Julai tumpeleke Kaboya, mafuta ya gari juu yangu.

Shangazi Muleba: Aulizwe kwanza kama anataka. Msimpange kama mzigo.

Ba'mdogo Mwanza: Sawa dada. Jeni angalia simu, nimekurushia nauli. Na yule rafiki yake wa mguu mmoja aliyekuwa akija Krismasi, mwandike. Jina limenitoka.

Shangazi Muleba: Mimi nalikumbuka, ila humu siliandiki, watoto wake hawajaulizwa. Nipigie Jeni, baada ya saa mbili usiku.