Mark II GX100: kontroli boksi jipya, ugonjwa uleule baada ya maji kuingia

Mwanatanga aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1997, injini ya 1G-FE, giaboksi ya otomatiki. Nimelitunza gari hili kwa miaka tisa bila usumbufu mkubwa, lakini tangu masika yaanze limekuwa na ugonjwa ambao mafundi wawili wameshindwa kuutibu. Asubuhi huwaka bila shida. Nikishatembea kilomita nne au tano na injini ikapata moto, huanza kumisi (kuwaka kwa kukatakata), sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, hupanda na kushuka, moshi mweusi hutoka nyuma pamoja na harufu kali ya petroli, na nikisimama kwenye mataa huzimika kabisa.

Kapeti ya upande wa abiria wa mbele niliikuta imelowa chapachapa, na kontroli boksi la injini, yaani kompyuta inayoiongoza, liko upande huohuo, nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi. Fundi wa kwanza alilifungua, akalianika juani kutwa nzima, akalirudisha. Gari likatulia kwa siku mbili. Fundi wa pili akasema boksi limekufa, nikanunua la mtumba lenye namba ileile inayoanza na 89661. Lilifanya kazi siku tatu, kisha hali ikarudi kama mwanzo. Kitu kimoja nimekigundua mwenyewe: injini inapomisi, nikiingiza mkono na kulisukuma kidogo fungu la nyaya linaloingia kwenye boksi, inatulia ghafla, na nikiliachia inaanza tena.

Naomba ushauri wa dhati. Je, ninunue boksi la tatu, nibadilishe wayaringi yote, au nyaya hizi zinatengenezeka?

Fundi Umeme, Mwanza alijibu:

Ndugu Mwanatanga, tafadhali usinunue boksi la tatu. Gari lako limekwisha kutoa jibu pale mkono wako ulipolisukuma fungu la nyaya: boksi lililokufa halifufuki kwa kuguswa waya. Mimi hufanya kazi hii ya umeme wa magari kila siku, na kila masika huletewa magari yaliyobadilishiwa boksi moja au mawili ilhali tatizo limekaa sentimita kumi tu kutoka hapo, ndani ya soketi au ndani ya ngozi ya waya.

Maji yakiingia kwenye soketi yenye umeme hayaleti kutu ya kawaida peke yake. Pini inayopokea umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa, hulika haraka kuliko nyingine, kwa sababu umeme unapita ndani ya maji kuelekea pini za ethi (zile zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri) na kuichukua shaba kidogo kidogo. Baya zaidi ni kwamba maji hayabaki kwenye soketi. Waya umesukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, na katikati ya nyuzi hizo maji hupanda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Ukiutazama kwa nje, waya ni mzima na rangi yake inang'aa. Ukiuchuna, unakuta ndani nyuzi zimekuwa nyeusi na unga wa kijani unadondoka kwenye vidole.

Kabla hujagusa chochote, ondoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, maana mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofumuka gari likigonga, uko jirani hapo. Soketi za rangi ya njano ni za mifuko hiyo. Usizipime kwa mita wala kwa taa. Kisha chomoa boksi, uziangalie pini za pande zote mbili ukiwa na kioo cha kukuzia. Boksi lenyewe lifungue pia. Ukikuta matope au chumvi, lioshe kwanza kwa maji yaliyochujwa yanayouzwa kuongezea betri, yale yasiyo na asidi, ukitumia brashi laini ya meno, kisha kwa spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99, halafu liache likauke vizuri. Kulianika bila kuliosha ni kuyaondoa maji na kuiacha chumvi, na unyevu wa asubuhi moja unatosha kuirudishia uhai. Mwaka 1997 si jana, kwa hiyo zitazame na kapasita (vihifadhi umeme vidogo) zile za duara: zikiwa zimevuja utaona alama ya unyevu chini yake, na mara nyingi utasikia harufu kama ya samaki.

Sasa upimaji, ambao ndio huwapoteza wengi. Mita ikilia kwamba waya unapitisha, hilo halitoshi. Uzi mmoja tu uliobaki kati ya ishirini utaifanya mita ilie. Kwa nyaya za umeme mkuu na za ethi, boksi likiwa limechomolewa na hasi ya betri imerudishwa, tumia balbu ya wati 21 ya taa ya breki: unganisha balbu kati ya waya wa umeme na hasi ya betri, na kwa waya wa ethi uiunganishe na chanya ya betri. Iking'aa sawasawa, waya unabeba mzigo. Ikiwaka hafifu kama jicho la mtu mwenye usingizi, waya huo umeliwa. Usijaribu balbu hiyo kwenye nyaya za sensa (vile vifaa vinavyolipimia boksi hali ya injini), na usiitumie kabisa boksi likiwa limechomekwa.

Halafu usome alama za hitilafu. Fungua boneti, tafuta kile kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyomulika. Tuletee namba hizo hapa.

Bibi Shamba, Moshi alijibu:

Ndugu, naunga mkono maelezo ya Fundi, ila naomba usiunge hata waya mmoja kabla hujajua maji yanapitia wapi. Mark II yangu ililowa kapeti upande huohuo, nami nikapoteza fedha kwa kuwa kila nilichotengeneza kililowa tena. Chini ya kioo cha mbele, palipo na waipa, kuna mfereji wenye matundu ya kutolea maji ya mvua. Matundu yakizibwa na majani, maji hujaa mpaka yakaingia kwenye njia ya hewa ya feni ya kiyoyozi, na feni hiyo iko juu ya miguu ya abiria. Je, gari hulala chini ya mti? Angalia pia bomba dogo la kutolea maji ya kiyoyozi, na kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, angalia gundi yake. Mwaga maji taratibu kwa ndoo huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi, utayaona yanakotiririkia.

Mwanatanga aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Bibi, umeniona kwa mbali: gari hulala chini ya mwembe. Nimetoa plastiki ya chini ya waipa, nikakuta majani yaliyooza na maua ya embe yameshikamana kama udongo wa mfinyanzi, na tundu la kushoto limezibwa kabisa. Nimetoa karibu nusu ndoo.

Namba zilizomulika ni mbili, 22 na 41. Nimeambiwa 22 ni sensa ya joto la maji ya injini na 41 ni sensa ya mlango wa hewa, ile inayofuata pedeli ya mafuta. Fundi wa jirani anataka tununue sensa zote mbili.

Fundi Umeme, Mwanza alijibu:

Weka fedha yako mfukoni kwanza. Sensa mbili zilizokaa mahali tofauti, zinazofanya kazi tofauti, ni nadra kufa siku moja. Jiulize zinachangia nini. Zote mbili hurudisha umeme wao kwenye boksi kupitia ethi moja ya sensa, pini iitwayo E2. Huo ndio waya wa kuushuku kabla ya kitu kingine chochote.

Na moshi wako mweusi unaeleweka hapohapo. Sensa ya joto la maji huwa na ukinzani (nguvu ya kuuzuia umeme, hupimwa kwa omu) wa takribani omu 2,000 hadi 3,000 injini ikiwa ya baridi, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi takribani omu 200 hadi 400 ikifika nyuzi 80. Waya wa E2 ulioliwa ukiongeza omu elfu mbili zake juu ya hizo, boksi linasoma kwamba injini bado ni ya baridi na linamwaga petroli kama la asubuhi. Ndiyo maana asubuhi gari ni zima, kwa kuwa petroli nyingi ndiyo inayohitajika, na likipata moto linazama kwenye mafuta.

Fuata waya huo kuanzia kwenye soketi, uukate nyuma mpaka uione shaba nyekundu inayong'aa, hata kama ni sentimita ishirini. Usiunge juu ya shaba nyeusi, risasi ya kuyeyusha ya kuungia nyaya haitashika. Kipande cha kuungia kiwe cha unene uleule, na kama pini ya soketi imeliwa, tafuta kwenye maduka ya vipuri vya mtumba soketi iliyokatwa na mikia yake ya nyaya.

Msafiri wa Mombasa alijibu:

Naongeza jambo moja la kuungia, na hapa huenda sitakubaliana na Fundi. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu, kisha mtikisiko wa gari huuvunja palepale ugumu unapoishia. Mimi hutumia vibanio vya shaba vinavyobanwa kwa koleo lake, juu yake mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Viungo visikae sambamba mahali pamoja, la sivyo fungu litavimba. Waya wenye ngozi ya wavu wa chuma, kama wa sensa ya kugonga kwa injini, wavu wake uunganishwe ethi upande mmoja tu.

Fundi Umeme, Mwanza alijibu:

Kaka, sikupingi. Kibanio kilichobanwa kwa koleo sahihi ni bora. Lakini wengi huku hubana kwa koleo la kawaida, na kiungo hicho huachia ndani ya miezi michache. Kwao risasi ni salama zaidi, mradi waya ufungwe imara pande zote mbili za kiungo usicheze, na isitumike ile asidi ya mafundi bati, kwa sababu hubaki ndani na kuendelea kuula waya.

Mwanatanga aliandika:

Ndugu zangu, narudisha taarifa baada ya wiki tatu, na kati yake mvua imenyesha usiku mzima mara nne. E2 ilikuwa imeliwa kwa sentimita kumi na nne kutoka kwenye soketi. Nilipouvuta waya ulikatika mkononi ukiwa na nyuzi mbili tu zilizoshikilia. Pini ya umeme wa kudumu nayo ilikuwa imebaki nusu. Tumebadilisha soketi nzima kwa ile iliyokatwa kutoka gari jingine, tukabana viungo kumi na tisa kwa koleo lake, tukivipanga kwa kupishana. Boksi la kwanza, lile lililoitwa maiti, tumeliosha na kulirudisha, na ndilo linaloendesha gari sasa.

Jana nimeunganisha tena TE1 na E1. Taa inamulika haraka haraka kwa mfululizo bila kupumzika, yaani hakuna namba iliyohifadhiwa. Kapeti ni kavu. Mwembe umebaki, gari nimelihamisha.