Star Trek: TNG, DS9 na Voyager zinapopishana, zitazamwe kwa mpangilio gani?

Msafiri_wa_Giza
Wakuu, naomba mwongozo. Ni tamthilia tatu za runinga za Star Trek: TNG (The Next Generation) ilirushwa 1987 hadi 1994, DS9 (Deep Space Nine) 1993 hadi 1999, Voyager 1995 hadi 2001. Aliyefika mwisho wa msimu wa 5 wa TNG aimalize kwanza, au achanganye na DS9? Na Voyager inaeleweka bila kugusa DS9?

ZamuYaUsiku
Mkuu, fuata tarehe za nyota, yaani namba za kalenda zinazotajwa ndani ya hadithi. Kuanzia TNG, tarakimu mbili za mwanzo hupanda moja kila msimu: msimu wa 1 ni 41, wa 6 ni 46. DS9 inafunguliwa na 46379.1, kwa hiyo msimu wake wa 1 unakwenda sambamba na wa 6 wa TNG. Voyager inaanza 48315.6, ambapo DS9 iko msimu wa 3.

Tazama TNG msimu wa 6 mpaka episodi ya 11, yaani "Chain of Command" ya pili (46360.8), kisha fungua "Emissary" ya DS9. Umetoka kuona Wakardasia, jamii ya wavamizi, wanavyomtesa mateka. Sasa unafika kwenye kituo cha angani cha DS9 walikoondoka juzi tu, na hasira za Wabajori waliokuwa wakitawaliwa nao hazihitaji maelezo. Kutoka hapo pishanisha episodi mbili mbili, inatosha.

Angalizo: msimu wa 1 wa TNG usiupange kwa namba hizi. Kuna mhusika anakufa 41601.3, halafu 41798.2 yuko hai anapiga kazi. Na Star Trek ya kwanza, ile ya 1966 hadi 1969, ndiyo kabisa, usijisumbue.

Mama_Torpido
Voyager inaeleweka yenyewe, ila baadhi ya mabaharia wake ni waasi wa Maquis, wanaopinga mkataba wa mpaka na Wakardasia, na hao asili yao iko kwingine. Kabla hujaanza, tazama DS9 msimu wa 2 episodi za 20 na 21, kisha TNG msimu wa 7 episodi za 20 na 24. Nne tu, habari yote ya mpaka na mkataba unayo.

Halafu jiandae kukereka, maana ugomvi wa waasi hao na wenzao melini, Voyager wanauzika mapema mno. Mapema kabisa inatajwa kwamba wana torpido 38 (makombora ya meli) na hakuna namna ya kupata nyingine. Ukihesabu zinazofyatuliwa mpaka msimu wa 7, zimepita 38 kwa mbali. Meli inapigwa ovyo, wiki inayofuata inang'aa. DS9 kituo hakihami: anayekosewa leo yuko jirani kesho, na deni linadaiwa. Ndiyo maana episodi sita za mwanzo wa msimu wa 6 na kumi za mwisho wa msimu wa 7 huwezi kuziruka wala kuzipindua. Voyager ukiruka tatu katikati, mara nyingi hupotei.

KioChaNneKwaTatu
Napingana na kuchanganya. Ladha ni mbili tofauti. TNG kila episodi inafunga mlango wake, na mabaharia karibu hawagombani. Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, ndivyo alivyotaka. Ukitoka huko kwenda DS9 kila baada ya episodi mbili, DS9 inaonekana ya watu wa kununa-nuna tu, na msimu wake wa 1 tayari ni mzito. Malizeni TNG kwanza.

Suala la picha pia. TNG ilikusanywa upya kutoka filamu za awali za milimita 35, ikatoka kwenye Blu-ray 2012 hadi 2014. DS9 na Voyager zilihaririwa kwenye mikanda ya video na hazijafanyiwa hivyo, kwa hiyo kwenye runinga kubwa zina ukungu. Usivute picha ijaze kioo, utakata vichwa au utanenepesha watu. Iache 4:3, umbo la runinga za zamani, na upunguze ule mpangilio wa kunoa picha, la sivyo kingo za nyuso zitazungukwa na mstari mweupe.

Msafiri_wa_Giza
Shukrani wakuu. Filamu za sinema je, zinaingia wapi?

ZamuYaUsiku
Zinazokuhusu ni mbili. "Generations" (1994) ukimaliza TNG, na iwe kabla ya DS9 msimu wa 4, kwa sababu Worf, mhusika wa TNG, anahamia kituoni mwanzo wa msimu huo na yaliyoipata meli yake yanatajwa. "First Contact" (1996) iweke katikati ya DS9 msimu wa 5. Dalili ni sare: DS9 wakivaa mabega ya kijivu, ujue filamu umeshaichelewa.