Walimu wa kompyuta wa Dar, tupeane uzoefu: semina ipi ilikufaa darasani, na ipi ilikupotezea muda?

Mwl wa Tegeta:
Wakuu salaam. Likizo inakaribia na mialiko ya semina imeanza kuzunguka kwenye magrupu. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika 2024, kila mtu anataka kutupiga msasa sisi wa kompyuta: vyuo, mashirika, hadi wauza laptopu. Sasa kuna semina unatoka na kitu unaingia nacho darasani Jumatatu, na kuna semina unatoka na cheti na chupa ya maji. Leteni za aina zote mbili. Waandaaji wa zile mbovu tusiwataje, tuseme tu kilichotokea.

Naanza mimi. Iliyonifaa zaidi, mwezeshaji alikataza tusiguse kompyuta asubuhi nzima. Akaandika ubaoni mistari miwili ya Python, lugha ya kuandikia programu:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri * 2)

Akagawa vikaratasi: nikijaza 16, kitatoka nini? Karibu ukumbi wote ukaandika 32. Akaendesha programu mbele yetu, ikatoka 1616. Zogo lililozuka hapo lilikula muda wa chai. Mmoja anadai mashine ina vairasi, mwingine anataka irudiwe kwenye laptopu yake. Mwishowe mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama: input inaleta maandishi hata kama umejaza tarakimu, na Python ukiiambia izidishe maandishi kwa mbili, inayarudia mara mbili. Basi. Ndipo tukaruhusiwa kukaa kwenye mashine, tukaweka int() inayogeuza maandishi kuwa namba, halafu tukajaza neno "kumi" kwa makusudi tuone italalamikaje.

Mbinu hiyo inaitwa PRIMM, imetokana na kazi ya Sue Sentance na wenzake kule Uingereza: tabiri, endesha, chunguza, badili, kisha unda ya kwako. Jina halina shida, ukilisahau poa. Mimi nina wanafunzi zaidi ya hamsini na mashine zinazowaka hazifiki kumi na tano. Zamani kundi moja likikaa, lingine linapiga soga. Sasa wanaosubiri wanatabiri kwenye daftari, na zamu yao ikifika wanakimbilia kujua nani kapatia.

ChakiNaKibodi:
Una bahati mkuu. Mimi niliitwa kwenye ya akili mnemba, hoteli nzuri tu, kiyoyozi, maandazi ya moto. Mwezeshaji kafungua slaidi anazisoma neno kwa neno, Kiingereza cha puani, "ujuzi wa karne ya 21" kila baada ya sentensi. Tukaambiwa tuje na vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu. Nusu ya vishikwambi havina chaji, vilivyobaki vinagombania bando la hotspoti ya mtu mmoja. Kazi ya mchana ilikuwa kuiagiza akili mnemba ituandikie andalio la somo. Ikaandika, tena limenyooka kwelikweli, lakini lilimtaka kila mwanafunzi awe na laptopu yake na intaneti ya kasi! Nikamwuliza mwezeshaji, hili nilipeleke wapi? Akasema tutalijadili kwenye kipindi cha maswali. Kipindi cha maswali kilipofika fomu ya posho ikapita, na ukumbi ukabaki mweupe.

Siku nzima, semina ya walimu wa kompyuta, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa programu.

Mama Tempo:
Lakini tusiibeze posho jamani. Mie natoka Gongo la Mboto, nafundisha shule binafsi. Nikienda semina Jumamosi nimeacha wanafunzi wangu wa tempo, na hiyo ndiyo hela ya mboga. Anayeniita bila nauli anadhani nina mjomba hazina. Watu wanasaini na kuondoka kwa sababu kilichobaki ukumbini hakiwafai. Kile cha 1616 alichosimulia Mwl wa Tegeta nani angetoka katikati?

Kijana wa Mbagala:
Naunga mkono hoja. Mimi ni wa msingi, shuleni kwetu kompyuta ni moja, ipo ofisi ya mwalimu mkuu imefunikwa kitambaa. Nilidhani semina hizi hazinihusu mpaka nilipokutana na mazoezi ya bila kompyuta, yale ya CS Unplugged ambayo Tim Bell na wenzake waliyaanzisha New Zealand.

Tulitolewa nje, mwezeshaji akachora kwa chaki sakafuni mistari na maduara. Watu sita mnasimama mwanzo, kila mmoja na namba yake. Mnafuata mistari, kila duara wanakutana wawili, wanalinganisha namba, mwenye ndogo anashika mstari wa kushoto, mwenye kubwa wa kulia. Hakuna kiongozi anayepiga kelele "wewe pita huku". Mkifika mwisho mmejipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, hata mngeanza vurugu namna gani. Kisha akatwambia turudie kutokea mwisho kwenda mwanzo. Mara ya kwanza tukajipanga vizuri, tukashangilia. Akabadilisha namba, tukatoka hovyo! Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini jaribio moja likifaulu haina maana kwamba programu iko sahihi.

Nimelifanya na darasa la sita uwanjani. Mwalimu wa zamu alikuja kuuliza mbona watoto wanacheza rede muda wa kipindi. Nikamwambia simama hapa, shika namba hii. Alipofika mwisho akataka arudie.

Mzee wa Andalio:
Vijana mnafurahia semina, mimi nauliza ya baada ya semina. Unarudi shule na moto wako, umeme wa Luku umeisha, mkuu wa shule anakupangia na Civics, mwanafunzi anataka fasili za kukariri za mtihani. Baada ya muhula mmoja umerudia kuandika ubaoni na wao wanakopi. Semina ya siku mbili haiwezi kushindana na hayo peke yake.

Ndiyo maana mimi nauamini zaidi mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ukifanywa inavyotakiwa, kwa sababu mafunzo yanafanyika hapo hapo shuleni, walimu wenyewe kwenye jumuiya yao ya kujifunza. Shida ya kompyuta ni kwamba shuleni uko peke yako. Utajadili na nani kitanzi cha while, na mwalimu wa Baiolojia? Sisi tukaungana, walimu wa shule jirani, tunakutana Jumamosi moja moja. Masharti ni mawili: hakuna slaidi, na kila mtu aje na programu ambayo wanafunzi wake waliikosea. Tunaangalia makosa halisi kwenye daftari halisi.

Huko ndiko tulikojifunza kutumia mafumbo ya Parsons. Yalitoka kwa Dale Parsons na Patricia Haden, 2006, nao pia ni wa New Zealand. Unachapa programu sahihi, unaikata mstari kwa mstari kwa mkasi, unachanganya, wanafunzi wanaipanga upya mezani. Ukitaka kuwatesa kidogo, ongeza mstari mmoja usiohitajika. Gharama yake ni karatasi na bahasha.

Dada Fundi:
Mimi iliyonisaidia haikuwa na ufundishaji hata kidogo. Ilikuwa ya kutunza maabara. Zile kompyuta za mtumba za Kariakoo tulizifungua, tukasugua meno ya RAM kwa ufutio wa penseli, tukarudishia, mashine iliyokuwa inapiga mlio tu ikawaka. Na ile kero ya "tovuti si salama" kwenye kila ukurasa: kibetri cha CR2032 kimekufa, saa ya kompyuta imerudi miaka nyuma, kwa hiyo vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kazi. Unabadilisha kibetri, unaweka tarehe, kwisha. Tukamalizia na kuweka Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, kwenye mashine moja, zingine zinasoma masomo kutoka hapo bila bando. Walimu wengi hatuhitaji nadharia mpya, tunahitaji mashine ziwake.

Mgeni Kigamboni:
Shikamooni wakubwa. Nimeajiriwa juzi. Kidato cha kwanza nianze na Scratch au Python? Na hiyo Jumamosi ya Mzee wa Andalio, wa ng'ambo ya Ferry tunaruhusiwa?

Mwl wa Tegeta:
Marahaba. Kama hawajawahi kugusa kompyuta anza na Scratch, ile ya kupanga vipande vya amri badala ya kuandika, ina toleo la kupakua lisilohitaji intaneti na menyu yake unaweza kuigeuza ikawa Kiswahili. Usiwaache huko muhula mzima lakini, wataishia kumchezesha yule paka wake.

Mzee wa Andalio:
Marahaba kijana. Vuka uje, njoo PM nikuelekeze. Usisahau madaftari ya wanafunzi, na mkasi wako mwenyewe maana wangu wameshauiba.