Ulinganisho: Uzamivu wa fiziotherapia kwa mtu aliyeko Dar es Salaam – Muhimbili, Afrika Kusini, Sweden au DPT (Doctor of Physical Therapy) ya Marekani?

Fizio_Tabata

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya umma hapa Dar es Salaam. Shahada ya kwanza niliisomea Moshi, uzamili wangu ni wa afya ya jamii, na wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi na wa majeraha ya uti wa mgongo. Nataka kusoma uzamivu, na swali ninalotaka kulitafiti ninalo tayari: kwa nini mgonjwa wa kiharusi aliyetoka wodini akiwa ameanza kusimama anarudishwa kliniki baada ya miezi akiwa hawezi hata kukaa bila kushikwa, na ni mazoezi gani ambayo ndugu wanaweza kuyasimamia nyumbani bila kumwumiza bega.

Njia ninazozipima ni hizo nne zilizo kwenye kichwa cha mada. Mwajiri yuko tayari kunipa ruhusa ya masomo, ila fungu la ada hana. Nina watoto wawili wa shule ya msingi, kwa hiyo kuhama nchi kwa miaka mitatu au minne mfululizo ni jambo zito. Lengo langu la mbele ni kufundisha chuoni huku nikiendelea kuona wagonjwa. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliopita njia hizi, si kutoka kwenye vipeperushi vya vyuo.

Tasnifu_Upanga

Dada, nianze na DPT kwa sababu ndiyo rahisi kuiondoa kwenye orodha. Hiyo ni shahada ya kuingilia kazini. Tangu mwaka 2016 programu zote za fiziotherapia zenye ithibati nchini Marekani zinatakiwa kutoa DPT, kwa hiyo kijana wa huko anayetaka kuhudumia wagonjwa tu, hata kama hana haja ya utafiti wala ualimu, ni lazima aipitie. Anaisoma kwa takriban miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na sehemu kubwa ni masomo ya darasani na mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mengi ya hayo wewe umekwisha kuyasoma Moshi. Kwa mwanafunzi wa kigeni ada nzima mara nyingi hupita dola 100,000, na ufadhili wake ni haba kwa sababu wafadhili wa utafiti hawaihesabu kuwa ni utafiti.

Ipo pia ile fupi ya mpito, iliyobuniwa kwa wataalamu waliokwisha kuwa na leseni ili wafikie ngazi ya wenzao wapya, lakini programu nyingi za aina hiyo zinadai leseni ya Marekani. Na hata anayetaka kwenda kufanya kazi kule halazimiki kuwa na DPT: elimu yake hupimwa kama inalingana na ya kwao, kisha hufanya mtihani wao wa leseni.

Kwa lengo lako la ualimu, vyuo vikuu vyetu vinamtaka mhadhiri awe na uzamivu. Mwenye uzamili huishia mhadhiri msaidizi. DPT haitakuvusha hapo. Kuitwa "dokta" kusikushawishi, maana wagonjwa wa Temeke wanatuita hivyo sote, hadi kijana wa mapokezi.

Nyanda_PT

Naunga mkono kuhusu DPT. Mimi nilisoma uzamivu Afrika Kusini, nami nitasema ya huko.

Uzamivu wa kule ni wa tasnifu, hakuna mitihani ya darasani. Unaingia ukiwa na swali na msimamizi, unaandika pendekezo, linapita kwenye kamati ya idara na ya maadili, kisha unaachwa na kazi yako. Vyuo vikuu vya Western Cape, Stellenbosch, Cape Town, Witwatersrand na KwaZulu-Natal vyote vina idara za fiziotherapia zenye walimu wenye uzamivu wa fani hiyohiyo, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana kwa mbali. Msimamizi aliyewahi kumsimamisha mgonjwa wa kiharusi kwa mikono yake anasoma sura yako ya mbinu kwa jicho tofauti kabisa. Anakuuliza ulimshika wapi, bega lilikuwa katika hali gani, nani alihesabu marudio ya zoezi. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, hata awe hodari namna gani, hakuulizi hayo.

Kuhusu fedha, Itifaki ya SADC ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama ziwatoze wanafunzi kutoka nchi wenzao kama zinavyowatoza raia wao, na Tanzania ni mwanachama. Vyuo vingi vya huko vinaifuata katika ada ya masomo, lakini vinaongeza tozo ya mwanafunzi wa kimataifa, na bima ya afya ya huko ni sharti la viza. Ombeni mchanganuo wote kwa maandishi kabla hamjafurahia tarakimu ya kwanza.

Tatizo langu mimi lilikuwa uzamili. Wasimamizi kadhaa walitaka mtu mwenye uzamili wa fiziotherapia uliokuwa na tasnifu. Dada mwenye uzamili wa afya ya jamii aangalie kama alifanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika. Ukiwa nao, utete, na uwapelekee nakala ya tasnifu hiyo pamoja na barua ya maombi.

Mzee_wa_Goniometa

Nyote mnazungumza kana kwamba Muhimbili ni njia ya aliyekosa njia. Mimi sikubaliani.

Swali la dada linahusu nyumba za Dar es Salaam. Mgonjwa anatoka wodini, wiki chache baadaye familia inaona gharama zimezidi, anapelekwa kijijini Rufiji au Lushoto kwa shangazi. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili ni ya binti yake, na binti amekwisha kubadilisha laini. Mtafiti anayejua mji huu anaandika tangu siku ya kwanza namba tatu za ndugu, jina la mjumbe wa nyumba kumi, na alama ya karibu na nyumba, iwe msikiti, kisima au duka la Mangi. Anatenga fungu la bajaji na bodaboda la kumfuata mgonjwa badala ya kumsubiri kliniki. Asipofanya hivyo, ikifika miezi sita nusu ya wagonjwa wake hawaonekani, na waliopotea ndio hasa aliokuwa anawatafuta, kwa kuwa mwenye hali nzuri na nauli ndiye anayerudi.

Muhimbili ina idara za afya ya jamii na za takwimu za tiba zenye wasimamizi waliozoea utafiti wa kufuatilia watu kwa muda mrefu. Upungufu wake ninaukubali: wenye uzamivu wa fiziotherapia nchini ni wachache, kwa hiyo msimamizi mkuu huenda akawa wa fani nyingine. Dawa yake ni kuomba msimamizi wa pili kutoka nje, mtu wa fani yetu, na jambo hilo lisemwe ndani ya pendekezo lenyewe. Unalala kwako na watoto unawaona jioni.

Fizio_Tabata

Shikamoo mzee, na asante. Hilo la kuwafuata wagonjwa linanigusa kwa sababu ndilo ninaloliona. Lakini hofu yangu na Muhimbili ni muda. Nimewaona wenzangu wanaosoma huku wakiwa kazini, na zamu za wodi zinawameza mpaka pendekezo linazeeka kwenye kompyuta. Je, mtu anawezaje kulinda muda wake akiwa palepale anapofanyia kazi?

Sandwichi_Msasani

Dada, muda ndio sababu iliyonipeleka kwenye mpango wa kwenda na kurudi, ambao wengi tunauita sandwichi. Unasajiliwa Sweden, data unakusanya hapa, na kila mwaka unakwenda kule kwa vipindi vya masomo na uandishi. Muhimbili ina ushirikiano wa miaka mingi na vyuo vya Sweden, Karolinska kikiwemo, na kwa njia hiyo wanataaluma wengi wa afya hapa nchini wamepata uzamivu.

Uzamivu wa Sweden ni kazi ya miaka minne ya muda kamili, na wanafunzi wa ngazi hiyo hawalipi ada ya masomo. Tasnifu huwa ni mkusanyiko wa makala, nyingi zikiwa zimechapishwa au ziko njiani, zikiunganishwa na sura ndefu ya mwanzo. Kwa mtu wa kliniki mtindo huo ni mzuri mno: makala ya kwanza ni hali ya wagonjwa wanapotoka wodini, ya pili ni mahojiano na ndugu wanaowahudumia, ya tatu ni upimaji wa kipimo, ya nne ni jaribio la mazoezi ya nyumbani. Ukikwama kwenye moja, nyingine inasonga. Mwisho unatetea hadharani mbele ya mpinzani aliyeteuliwa rasmi kukuhoji, na mlango uko wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza.

Ugumu uko kwenye nafasi. Ama zinatangazwa kama ajira na unashindana na dunia nzima, ama zinatoka ndani ya mradi wa ushirikiano ambao swali lake limekwisha kupangwa na wengine. Mimi nilikuta swali la mradi halikuwa langu, nikalazimika kulipenda. Kama swali lako ni kitu usichotaka kukiacha, liweke hilo mbele kuliko jina la chuo.

Kuhusu kulinda muda ukiwa hapa, wakati wa kuzungumza na mwajiri usiombe "ruhusa ya masomo" kwa jumla. Omba barua inayotaja siku za wiki ambazo hupangiwi zamu, na isainiwe na mkuu wa idara anayepanga zamu, si ofisi ya utumishi peke yake. Na soma kipengele cha mkataba kinachoeleza utatumikia miaka mingapi baada ya kumaliza.

OT_Kinondoni

Niongeze la upande wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), kwa kuwa nasi tuko katika hali hiyohiyo, tena wachache zaidi yenu. Popote utakapojisajili, tenga muda wa kutosha kwa vipimo. Madodoso mengi ya kupima utendaji wa mgonjwa yaliandikwa kwa nyumba za watu wengine: yanauliza kuhusu kuingia kwenye beseni kubwa la kuogea na kuvuta soksi. Mama wa Mbagala anataka kujua kama ataweza kuchuchumaa chooni, kuinuka kutoka kwenye mkeka, na kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja mkono mwingine ukiwa umelegea. Kurekebisha kipimo na kukithibitisha kwa watu wetu ni makala kamili, na msimamizi wa Stockholm au Cape Town hukubali mara moja ukimwonyesha mfano wa mgonjwa.

Nyanda_PT

Kweli kabisa. Na yeyote anayefikiria uzamivu wa mtandaoni kutoka chuo asichokijua, aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, kwa maana tuzo ya nje isiyotambuliwa na TCU haimsaidii kwenye ajira ya chuo chochote hapa.

Fizio_Tabata

Nashukuru sana ndugu zangu. DPT nimeiondoa. Ninaelekea kwenye wazo la mzee, yaani kujisajili Muhimbili na kuwa na msimamizi wa pili wa fiziotherapia kutoka Afrika Kusini, na nimeona Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa uzamivu wa kugawanya, unaompa mtu aliyesajiliwa kwenye chuo cha nchini kwake hadi miezi 12 Uingereza. Swali la mwisho: nikiwa na msimamizi wa nje, je, vibali vinabadilika?

Tasnifu_Upanga

Vinaongezeka. Kamati ya maadili ya chuo utaipitia kwa vyovyote, na kwa utafiti wenye wabia wa nje au data itakayotoka nchini tarajia pia kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kwako wewe jambo la kuangalia zaidi ni video. Ukirekodi mgonjwa akitembea, sura yake na nyumba yake vinaonekana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba msimamizi wa nje ataiona video hiyo, na itaje itahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Andika hayo kwenye pendekezo la kwanza, kwa sababu kuomba marekebisho ya kibali katikati ya ukusanyaji wa data kunasimamisha kazi yote, na wagonjwa wa kiharusi hawatakusubiri.