Demo ya grindcore kwenye kaseti 50: matoazi yanapotea kwenye redio nyingine

Kanda_Nyeusi (Mombasa):

Habari zenu wakuu. Kuna demo ya grindcore (muziki mkali wa gitaa, wa kasi kubwa) yenye crust (mtindo wa punk) kidogo, dakika 22, nyimbo 14, na bendi imekubali itoke kwanza kwa kaseti peke yake: kopi 50 za kuuza kwenye shoo na kubadilishana na bendi za nje. Vifaa vilivyopo ni deki ya zamani ya milango miwili yenye auto-reverse (inacheza upande wa pili yenyewe), kompyuta, na kaseti tupu za C60 na C90 (dakika 60 na 90), nyingine mpya na nyingine zimekaa dukani miaka.

Kopi za majaribio zina shida tatu. Kwenye deki yenyewe sauti ni nzuri, lakini kaseti ileile ukiiweka kwenye redio nyingine matoazi yanapotea kabisa, kama vile kuna blanketi juu ya spika. Pili, gitaa likivutwa noti ndefu linayumba. Tatu, blast beat (ngoma za kasi kubwa mno) zikianza kila kitu kinachafuka, wakati faili lenyewe ni safi. Je, nianzie wapi, na kaseti za aina gani zinafaa kwa muziki huu? Na kasi kubwa ya kunakili (high speed) inafaa au niiache?

FundiHedi:

Mkuu, shida ya kwanza umeshaieleza vizuri hadi jibu linaonekana. Sauti ikiwa safi kwenye deki iliyorekodi na butu kwingine kote, hedi ya deki yako (kile kipande kinachosoma na kuandika utepe) imekaa upande. Wenyewe wanaita azimuthi: ufa wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa, pembe ya digrii 90 na mwendo wa utepe. Ukiinama hata kidogo, masafa ya juu (sauti kali kama matoazi) ndiyo yanayokufa, na utepe wa kaseti unatembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, hivyo hauna nafasi ya kusamehe. Deki yako inajielewa yenyewe kwa sababu inasoma kwa pembe ileile iliyoandikia.

Kabla hujagusa skrubu, safisha. Hedi, nguzo nyembamba ya chuma inayozunguka pembeni yake (kapstani), na roli ya mpira inayoibana. Tumia pamba za masikio na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu kutoka maduka ya vifaa vya elektroniki. Spiriti ya hospitali iache, nyingi zina mafuta ndani na mafuta yakibaki kwenye kapstani utepe utateleza. Kwenye mpira paka kidogo tu kisha futa na pamba kavu. Endelea hadi pamba itoke bila rangi ya kahawia.

Halafu tafuta kaseti mbili tatu za kiwandani zilizorekodiwa vizuri, zenye matoazi au kayamba nyingi. Weka amplifaya kwenye mono (kulia na kushoto vikiunganishwa). Karibu na hedi kuna skrubu mbili, na ile yenye springi chini yake ndiyo ya azimuthi. Cheza kaseti, izungushe polepole, robo ya robo ya mzunguko, huku na huku, hadi upate mahali ambapo masafa ya juu yanafunguka zaidi. Kwenye mono utasikia wazi: ukipita pale, sauti inazama ghafla. Rudia na kaseti ya pili, chukua wastani wa zote, kisha ziba skrubu kwa tone la rangi ya kucha isije ikajilegeza.

Sasa auto-reverse. Kwenye deki nyingi za aina hiyo hedi inajipindua, na kila upande una skrubu yake. Ule utaratibu wa kupindua huchakaa, hedi ikirudi hairudi palepale. Kwa kazi ya kopi 50 chagua mwelekeo mmoja tu wa kucheza, ulinganishe vizuri, na kaseti uigeuze kwa mkono.

Kuyumba kwa gitaa: belti (ukanda wa mpira unaozungusha deki) kwanza. Belti ya zamani ama imelegea ama imegeuka lami, na lami hiyo ioshe kwa isopropili kabla ya kuweka mpya. Kupata kipimo, zungusha uzi kwenye magurudumu belti inapopita, pima urefu wa uzi, kisha nunua iliyo fupi kwa kama asilimia 5 ili ivutike. Roli ya mpira ikiwa inang'aa kama kioo, isugue kidogo kwa msasa laini. Ikiwa na nyufa, badilisha.

High speed iache kabisa. Kwa kasi mara mbili, masafa yote yanapanda mara mbili: toazi la 10 kHz linapita kwenye saketi likiwa 20 kHz, na deki ya nyumbani haiwezi.

MatoaziMbili:

Nakubaliana na Fundi, naongeza kwenye shida ya tatu, maana hapo ndipo demo nyingi za grind na black metal zinapoharibikia.

Swali la kwanza: deki ina kitufe cha kiwango cha kurekodi? Kama haina, inajipangia yenyewe, na kwa muziki huu hiyo ni balaa. Intro ya polepole inapandishwa hadi mchirizo wa utepe (ile kelele ya "shiii") usikike, blast beat ikiingia mashine inabana kila kitu, snea inapotea. Hapo hakuna dawa zaidi ya kutafuta deki yenye kitufe. Redio mpya za bei ndogo nazo ziepuke kwa kurekodi. Nyingi hurekodi mono, na hufuta utepe kwa kipande cha sumaku tu, ndiyo maana zinaacha kelele nyingi nyuma.

Kama kitufe kipo, usinakili kaseti kwa kaseti. Kila kizazi cha kopi kinaongeza mchirizo. Kopi ya kopi tayari ina kelele mara mbili, yaani desibeli 3 zaidi, na inaendelea kuongezeka. Toa sauti moja kwa moja kutoka kompyuta, faili la WAV, waya kwenda LINE IN (siyo MIC). Zima arifa zote, zima ekolaiza, zima kompyuta kujilaza.

Kisha tengeneza masta (faili la mwisho la kunakilia) ya kaseti peke yake. Utepe wa kaseti unajaa haraka sana kwenye masafa ya juu kuliko katikati. Watengenezaji wa deki wenyewe hupima masafa kwa kiwango cha -20 dB, kwa sababu kwenye 0 dB masafa ya juu yangeonekana mabovu. Matoazi ya blast beat hayaishi kwenye -20. Kwa hiyo:

- kata kila kitu chini ya 35 Hz, hakisikiki ila kinakula nafasi;
- weka di-esa (kichujio cha kushusha sauti kali) kati ya 6 na 9 kHz, ishike pale matoazi yanapopasuka tu;
- shusha desibeli 1 hadi 2 juu ya 10 kHz;
- legeza limita (inayobana vilele vya sauti). Masta iliyobanwa kwa ajili ya intaneti haina vilele, na utepe unataka vilele.

Sikiliza pia kwa mono. Magitaa mawili yaliyotandazwa sana kulia na kushoto kwa ujanja wa awamu yanafutana kwenye redio ya spika moja, na mashabiki wengi wa kaseti wanasikilizia huko.

Kiwango: tafuta sekunde 20 nzito kuliko zote kwenye demo, rekodi mara tatu, mita ikigusa 0, kisha +3, kisha -3. Sikiliza snea na toazi la crash, siyo gitaa. Gitaa la fuzzi litakudanganya, halionyeshi uharibifu. Kwa kaseti za kawaida (Type I) mara nyingi -1 hadi +1 inatosha kwa grind, hata kama kwa muziki mwingine ungepanda zaidi.

Dolby (mfumo wa kupunguza mchirizo) izime. Redio nyingi hazina, na kaseti ya Dolby bila Dolby inalia kwa ukali.

Zine_Tanga:

Kuhusu kaseti zenyewe. C90 ziweke kando. Utepe wake una unene wa mikroni 12 hivi, wa C60 ni kama 16 hadi 18. Mwembamba hukunjika na kuliwa na redio za gari. Halafu dakika 22 ndani ya C60 zinaacha ukimya mrefu ambao msikilizaji atalazimika kuuzungusha.

Ukiweza kuagiza, chukua C46, dakika 23 kila upande, uweke demo nzima pande zote mbili. Ikifika mwisho unageuza inaanza upya. Gharama yake ni muda: dakika 22 mara pande mbili mara kopi 50 ni dakika 2,200, zaidi ya saa 36 kwenye deki moja. Ukigawa nyimbo nusu kwa nusu kwenye C24 au C30, ni saa 18 na dakika 20. Deki ya pili ikipatikana, gawa sauti kwa waya za RCA za Y (moja inayogawanyika mbili), kompyuta moja inalisha deki mbili hadi tatu bila shida. Lakini kila deki ilinganishwe azimuthi kwa kaseti zilezile.

Utepe mpya bado unatengenezwa: RTM wa Ufaransa wana C60 iitwayo Fox, na National Audio Company ya Missouri, Marekani, hukata urefu unaotaka.

Zile za dukani za miaka mingi zifungue moja moja kwenye mwanga. Kwa hali ya hewa ya pwani, ukungu hukaa kama vumbi jeupe kwenye kingo za utepe uliojikunja. Ukiiona, itoe, usiicheze, utaambukiza hedi na roli. Angalia pia kile kipande cha sponji katikati ya dirisha la mbele. Gundi yake hukauka, sponji inaanguka, na kaseti hiyo itasikika butu hata deki ikiwa mpya. Na kaseti za zamani za taarab au mawaidha tafadhali msizifute kwa ajili ya demo. Nyingine ndizo nakala pekee zilizobaki.

Crust_Luthuli:

Mimi napendelea Type II (chrome), mchirizo ni mdogo na matoazi yanapumua zaidi. Kwa nini wote mnasukuma Type I?

MatoaziMbili:

@Crust_Luthuli kwenye deki nzuri unasema kweli. Tatizo ni msikilizaji. Type II hurekodiwa kwa ekolaiza ya mikrosekunde 70, na redio nyingi rahisi zina ya 120 peke yake, hazisomi zile notchi za mgongoni. Matokeo yake masafa ya juu yanapanda kwa takriban desibeli 4. Kwa gitaa safi inavumilika. Kwa grind yenye crash kila pigo, inakuwa mchanga masikioni. Kopi za kubadilishana na wenye deki za maana, chrome sawa. Kopi za shoo, Type I.

Kanda_Nyeusi:

Asanteni sana. Azimuthi imekubali, kwenye redio tatu tofauti matoazi yanasikika. Belti mpya imeondoa kuyumba, ila sasa nyimbo zinaonekana ziko juu kidogo kuliko faili. Na kava, vipimo gani?

FundiHedi:

Hiyo ni kasi ya mota. Tafuta kaseti ya kupimia yenye toni ya 3,150 Hz (nyingine ni 3,000, soma lebo) na programu ya kupima masafa kwenye simu. Ikionyesha kama 3,245, deki inakimbia asilimia 3 zaidi, karibu robo ya toni ya muziki. Nyuma ya mota kuna tundu dogo lenye skrubu ndani. Tumia bisibisi ya plastiki au iliyozungushiwa utepe wa umeme, sogeza kidogo mno, subiri itulie. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa kaseti. Deki iwe imewaka dakika 15 kwanza.

Kila kaseti mpya izungushe hadi mwisho na kurudi kabla ya kurekodi, utepe ujipange sawa. Kisha zungusha kwa penseli hadi ule utepe mwangavu wa mwanzo upite na wa kahawia uonekane, la sivyo sekunde za kwanza za wimbo zitakwenda na maji. Ukimaliza, vunja vijino viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake.

Zine_Tanga:

Kava: urefu 101.6 mm, uso wa mbele 65 mm, mgongo 12.7, kipande cha nyuma 16. Ikiwa wazi ni karibu 94 mm. Kwenye A4 zinaingia sita kwa hesabu, lakini pembeni zinabaki milimita 3 tu na mashine nyingi za fotokopi hazichapi mpaka huko. Mchoro wenye usuli mweusi utatoka na ukingo mweupe. Weka nne, nafasi inayobaki chapisha stika ndogo au anwani ya mawasiliano ya bendi. Karatasi ya gramu 160 hadi 200. Kabla ya kukunja pitisha mgongo wa kisu kwenye mistari ya mkunjo, wino mweusi wa fotokopi hupasuka ukikunjwa hivihivi. Kwenye kaseti yenyewe usibandike stika nene, redio za gari huzing'ang'ania na joto hulegeza gundi. Muhuri wa mpira na wino wa kudumu unatosha.

Kava ibebe mwaka, mji, majina ya nyimbo, nani alirekodi, na namba ya kopi kwa mkono. Demo ya Metallica ya 1982 ilizunguka dunia kwa kaseti za kubadilishana, na aliyepokea kopi ya mbali alihitaji kujua ni nani na wapi. Hapa kwetu Duma, bendi ya Nairobi, walitoa albamu yao ya 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lebo za namna hiyo ndizo za kutumiwa kopi mapema.

Kwa Posta: kaseti na kasha lake gumu ni kati ya gramu 70 na 90. Makasha hupasuka njiani, kwa hiyo kaseti ifungwe peke yake kwa plastiki ya mapovu, kasha tupu pembeni yake, kava ndani ya kasha. Nje ya nchi jaza fomu ya CN22 (ya forodha), andika kaseti ya sauti, idadi na thamani. Pakiti isiachwe juani ndani ya gari wala karibu na spika.

Crust_Luthuli:

Ile ya kwanza iliyotoka sawa usiiuze. Ibaki kama kipimo: kila baada ya kopi kumi, irudishe kwenye deki usikilize crash ya wimbo wa kwanza ukilinganisha na kopi ya mwisho. Ikianza kufifia, hedi imechafuka, safisha kabla ya kuendelea.